Nyota Inayochomwa Upande Mmoja

SWALI: Mhariri, nimesoma kwamba ziko nyota zilizokufa ambazo huiunguza nyota jirani kwa mionzi. Ikiwa jozi hiyo huonekana kama nukta moja hata kwa darubini kubwa, wataalamu wanajuaje kwamba ni upande mmoja tu unaochomwa, na kuna faida gani kuuchunguza? – Msomaji, Chumbageni, Tanga.

JIBU: Ndugu msomaji, nyota hiyo iliyokufa huitwa pulsa. Ni kiini kilichobaki baada ya nyota kubwa kulipuka, nacho hujizungusha kwa kasi huku miali yake ya redio ikitufikia kwa mapigo. Mfano bora wa jozi unayoiulizia ni PSR B1957+20, iliyogunduliwa mwaka 1988 kwa darubini ya redio ya Arecibo, Puerto Rico. Imo katika kundinyota la Mshale, ambalo mwezi Septemba, mapema usiku, huonekana juu upande wa kaskazini hapo Tanga, ingawa jozi yenyewe ni hafifu mno kwa macho. Pulsa hiyo hujizungusha zaidi ya mara 600 kwa sekunde, na mwenzi wake huizunguka kwa saa 9 na dakika 10 hivi.

Mvuto umemshika mwenzi huyo hata akawa anaielekezea pulsa uso uleule daima, kama Mwezi unavyoielekea Dunia. Uso uliochomwa, wenye joto la takriban kelvini 8,000, ukitugeukia, nukta hung'aa. Saa nne na nusu hivi baadaye, ukitugeukia uso wa usiku wenye karibu kelvini 3,000, hufifia sana. Kupanda na kushuka huko kwa mwanga ndiko kunakotuonyesha joto la kila upande, na pia jinsi obiti, yaani njia ya mzunguko wao, ilivyoinama.

Ugumu, na kwa maoni yangu utamu wa elimu hii, umo katika kupima uzito wa pulsa, kwa sababu hapo hutegemewa kasi ya mwenzi, inayosomwa katika rangi za mwanga wake. Mwanga huo hutoka zaidi upande wa joto, ulio karibu na pulsa kuliko kitovu cha mwenzi, na sehemu hiyo hupita duara dogo zaidi kwa mwendo mdogo zaidi. Asiyesahihisha hilo ataiona pulsa kuwa nyepesi kuliko ilivyo. Kwa masahihisho ya namna hiyo, watafiti waliotumia darubini ya Keck, Hawaii, walitangaza mwaka 2022 kwamba PSR J0952-0607, pulsa nyingine yenye mwenzi anayechomwa, ina uzito wa takriban mara 2.35 ya Jua. Kwa hiyo nadharia yoyote inayodai kwamba nyota ya nyutroni, yaani kiini cha aina ya pulsa, huporomoka na kuwa shimo jeusi kabla ya kukaribia uzito huo inatiliwa shaka kubwa.