HSA Marekani: fanya hesabu hii kabla hujasaini fomu ya bima

Mkuu, umeuliza mambo matatu kwa pamoja: kama bima yenye HSA, yaani akaunti ya akiba ya afya, uliyopewa na mwajiri wako mpya hapo Ohio ina faida, kodi itapungua kwa kiasi gani, na kama fedha hizo zinaweza kumlipia mama dialisisi kule Tanga. Nianze na la mwisho, maana hapo ndipo watu wetu wanapoumia.

Hapana, haziwezi. HSA hulipa bila kodi matibabu yako, ya mke au mume wako, na ya wategemezi wako kwa maana ya sheria ya kodi ya Marekani. Mzazi anaweza kuwa mtegemezi, lakini sharti awe raia wa Marekani, au mkazi wa Marekani, Kanada au Meksiko. Mama wa Tanga asiye raia wa Marekani hayumo, hata kama ndiwe unayemlisha na kumvisha. Ukitoa dola 1,000 ukamtumia, zinaongezwa kwenye kipato chako cha mwaka huo, na juu yake kuna adhabu ya asilimia 20. Kama uko kwenye daraja la kodi la asilimia 12, dola 320 zimekwenda. Mtumie mama kutoka kwenye mshahara wa kawaida.

Mke au mume aliyebaki nyumbani ni habari nyingine. Matibabu yake yanakubalika popote alipo, mradi mlikuwa mmeshaoana siku alipotibiwa au siku ulipolipa. Ila kama hayumo kwenye bima yako, kiwango chako cha kuweka kinabaki kile cha mtu mmoja. Na wewe mwenyewe ukienda likizo ukang'oa jino Dar es Salaam au ukalazwa Mombasa kwa malaria, gharama hizo zinahesabika, iwapo tiba hiyo ni halali kule na Marekani pia. Dai risiti yenye jina lako, tarehe na huduma uliyopewa, kisha andika pembeni kiwango cha kubadilisha fedha cha siku hiyo. Dawa uliyonunua na kuitumia kulekule haina shida. Ile unayoifungasha kwenye sanduku urudi nayo, kwa kawaida haikubaliki.

Sasa tuje kwenye bima. Kufungua HSA si hiari tu. Lazima uwe na bima ya kizingiti kikubwa, na kizingiti ni zile fedha unazotoa mfukoni kwanza kabla bima haijaanza kulipa. Kwa mwaka 2026 kizingiti kisipungue dola 1,700 kwa mtu mmoja au 3,400 kwa familia, na jumla ya unachoweza kutozwa kwa mwaka isizidi 8,500 au 17,000. Usidanganywe na kizingiti kuwa kikubwa tu, kwa sababu zipo bima za namna hiyo ambazo haziruhusu HSA. Waombe HR, yaani idara ya wafanyakazi, wakujibu kwa maandishi. Kwa wanaojinunulia bima kwenye soko la serikali, tangu Januari 2026 mipango yote ya Bronze (daraja la makato madogo na kizingiti kikubwa) inaruhusu HSA, jambo ambalo zamani halikuwapo.

Kuna mtego mwingine wa kimyakimya: kama mwenzi wako ana FSA ya kawaida kazini kwake, yaani akaunti nyingine ya fedha za matibabu inayotolewa na mwajiri, hiyo inahesabiwa kuwa inakukinga na wewe pia, nawe unapoteza haki ya kuweka kwenye HSA hata kama hujagusa hata senti yake. FSA ya meno na macho pekee haina tatizo.

Kiasi cha kuweka mwaka 2026 ni dola 4,400 kwa mtu mmoja na 8,750 kwa familia. Aliyefikisha miaka 55 anaongeza 1,000. Mchango wa mwajiri umo ndani ya kiwango hicho, hauji juu yake. Hili wengi hulisahau.

Kuhusu kodi, njia inayopitiwa na fedha ina uzito kuliko watu wanavyodhani. Ukikatwa moja kwa moja kwenye mshahara, unakwepa kodi ya mapato ya shirikisho pamoja na ile asilimia 7.65 ya Social Security (pensheni ya serikali) na Medicare (bima ya serikali ya wazee). Ukiweka 4,400 ukiwa kwenye daraja la asilimia 12, unaokoa 528 za kodi ya mapato na 336.60 za hayo makato, jumla 864.60. Fedha hizohizo ukizituma mwenyewe kutoka benki, utarudishiwa ile 528 tu kwenye ritani, yaani taarifa yako ya kodi ya mwaka. Kwa hiyo pitisha kwenye mshahara. Benki iwe ya kufidia pengo, na unaruhusiwa kufidia la mwaka uliopita hadi siku ya mwisho ya kuwasilisha ritani mwezi wa Aprili. Kodi ya jimbo hupungua pia karibu kote, isipokuwa California na New Jersey, ambako jimbo halitambui HSA.

Je, bima yenyewe inalipa? Chukua karatasi mbili za mwajiri uzilinganishe. Tuseme bima ya kawaida inakukata 190 kwa mwezi na kizingiti chake ni 500. Yenye HSA inakukata 100, kizingiti 2,000, na mwajiri anakuwekea 600 kwa mwaka. Makato yamepungua 1,080, ongeza 600, unapata 1,680. Tofauti ya vizingiti ni 1,500. Hata ukiugua hadi ukavimaliza, umebaki na 180 kabla hujagusa faida ya kodi. Lakini kama mwajiri hakuwekei kitu na makato yanatofautiana kwa 30 tu, umeokoa 360 dhidi ya hatari ya 1,500. Hapo mwenye ujauzito au dawa za kila mwezi abaki na bima ya kawaida, tena bila kujuta. Linganisha pia jumla ya juu kabisa ya mwaka, maana baada ya kizingiti bado kuna asilimia unayochangia.

Jambo moja linalobana mwanzoni: HSA hulipa kilichomo tu. Ukivunjika mguu Januari na akaunti ina dola 150, hospitali utaiomba ikupangie malipo ya mwezi kwa mwezi. Kwa hiyo fungua akaunti siku ileile bima inapoanza, hata kwa dola 50, kwani matibabu ya kabla ya akaunti kufunguliwa hayalipiki kamwe. Baada ya hapo hakuna ukomo wa muda. Bili ya leo unaweza kuilipa mfukoni, ukahifadhi risiti, na kujirudishia miaka kumi baadaye huku fedha zikiwa zimekua kwenye hisa bila kodi. Ni kibubu chako, ukiacha kazi unaondoka nacho. Binafsi naona mtu aache kwenye akaunti fedha za kutosha kizingiti kimoja, ndipo ziada aiwekeze.

Ukianza kazi katikati ya mwaka, hesabu miezi. Bima ikianza Julai 1, kiwango chako ni nusu, yaani 2,200. Ipo kanuni ya kukuruhusu kuweka 4,400 zote iwapo umekingwa Desemba 1, lakini lazima uendelee na bima ya aina hiyo hadi Desemba 31 ya mwaka unaofuata. Ukihamia bima nyingine kabla, zile 2,200 za ziada zinageuka kipato na zinatozwa asilimia 10 zaidi. Kwa anayebadili kazi mara kwa mara, kanuni hiyo aiache. Ukizidisha kiwango kwa bahati mbaya, iandikie benki ya HSA iondoe ziada pamoja na faida yake kabla ya siku ya mwisho ya ritani, la sivyo ni asilimia 6 kila mwaka ziada inapobaki humo.

Kwenye ritani unajaza fomu 8889, hata kama mwaka huo ulitoa fedha tu. Angalia W-2, ile karatasi ya mapato ya mwaka unayopewa na mwajiri, kisanduku cha 12 chenye herufi W: namba hiyo imechanganya mchango wa mwajiri na makato yako. Usiyaandike makato hayo tena kama uliyoweka mwenyewe, utakuwa umeomba punguzo mara mbili na barua ya IRS, mamlaka ya kodi, itakufuata.

Ukifika 65 adhabu ya asilimia 20 inakoma. Ukitoa kwa matumizi mengine unalipa kodi ya kawaida tu. Ila mwenye Medicare haruhusiwi kuweka tena, na ukichelewa kuiomba, tarehe yake hurudishwa nyuma hadi miezi sita, kwa hiyo sitisha kuweka miezi hiyo kabla ya kuomba.

Na siku ya kufungua akaunti, jaza jina la mrithi. Akiwa mke au mume, akaunti inakuwa HSA yake bila kodi. Akiwa mtu mwingine yeyote, hata mtoto, thamani yote inahesabiwa kuwa kipato chake cha mwaka huohuo.