Taa za nje ya ndege: kwa nini nyingine huzimwa kwenye ukungu?

Swali: Nasoma ufundi umeme na naishi Mbalizi, karibu na uwanja wa Songwe. Taa nyekundu, kijani na nyeupe za ndege zina kazi gani? Mbona kwenye ukungu zile za kumweka wakati mwingine huzimwa? Na huharibikaje?

Jibu: Ndugu msomaji, nyekundu iko kwenye ncha ya bawa la kushoto, kijani bawa la kulia, nyeupe mkiani, na zote tatu huwaka bila kumweka. Nyekundu na kijani kila moja huonekana kwa nyuzi 110 kuanzia mbele kuelekea upande wake. Ya mkiani hufunika nyuzi 140 za nyuma. Ndiyo maana ukiona nyekundu peke yake, ndege inaelekea kushoto kwako. Kijani peke yake, inaelekea kulia. Ukiziona zote mbili, nyekundu ikiwa kulia kwako, inakujia. Rubani naye husoma hivyohivyo. Taa ya ndege nyingine ikiganda sehemu ileile ya kioo chake huku ikizidi kukua, ajue wanaelekea kugongana.

Nyekundu ya kumweka, mgongoni na tumboni, huwashwa kabla ya kuwasha injini na huzimwa injini zikishasimama. Wapakiaji wa mizigo waiheshimu sana: ikimweka, usiisogelee ndege.

Nyeupe kali za kumweka huwashwa ndege inapoingia barabara ya kurukia. Sasa, Songwe iko zaidi ya mita 1,300 juu ya usawa wa bahari, na ukungu wake wasafiri wa Mbeya wanaujua. Ukungu ni matone madogo ya maji, na kila mmweko hurudishwa na matone hayo machoni pa rubani. Anaona weupe mtupu, macho yaliyozoea giza yanavurugika, na anaweza hata kuhisi ndege inapinda wakati imenyooka. Kwa hiyo anaruhusiwa kuzizima. Taa kubwa za kutulia, yaani zinazomulika mbele ndege inapotua, nazo humrudishia mng'ao wa namna hiyo.

Kuhusu ubovu, anza na yale mepesi: kifuniko kilichopasuka kikaingiza maji, kutu kwenye soketi, waya wa arthi uliolegea. Taa ikififia au kuwaka na kuzima ndege inapotikisika, pima arthi kabla ya kununua balbu. Balbu ya halojeni usiishike kwa vidole vitupu. Mafuta ya ngozi hufanya sehemu hiyo ya kioo ipate joto kupita kiasi, ikapasuka. Taa za kutulia za aina ya zamani zisiachwe zikiwaka muda mrefu ndege ikiwa imesimama, kwani hutegemea upepo wa mwendo kupoa.

Taa za kumweka za gesi ya zenoni ndizo za kuogopa. Kapasita zake hubeba volti mia kadhaa, na hubaki na chaji hata swichi ikizimwa. Kata umeme, subiri muda ulioandikwa kwenye kitabu cha matengenezo cha ndege hiyo, kisha pima kwa mita kabla ya kugusa kiunganishi chochote.