Re: Slabu boldi italiki inaziba matundu ya herufi

Mambo vipi mkuu. Kama nimekuelewa, kwenye bango lako ukiweka slabu boldi italiki (yaani fonti yenye vikanyagio, vile vijistari vinene kwenye ncha za herufi, ikiwa imekolezwa na kulazwa) maneno yanavimba, matundu ya a na e yanaziba na ule mlalo unaonekana kama umevutwa kwa nguvu. Kabla hujagusa kitu kingine cheki kama hiyo fonti ina italiki yake kweli, maana Roboto Slab kwa mfano haina, ukibonyeza italiki programu inazilaza tu zile herufi za wima na hapo ndo unene unapoharibika. Mimi ilinisumbua wiki nzima nikidhani printa mbovu.

Chukua Zilla Slab au Rockwell, hizo zina faili ya boldi italiki iliyochorwa, weka hiyo yenyewe. Na itumie kwenye kichwa cha habari tu, maneno mawili matatu, au jezi au lebo, inatoa spidi na ubabe kwa pamoja, ila aya nzima hapana aisee, macho yanachoka. Ukiiweka ndogo ongeza nafasi kidogo kati ya herufi, vile vikanyagio vyake vinene hupenda kugusana.