Mbwa kazidiwa usiku: maswali yenu kuhusu tiba na gharama

Daktari, mtoto wa mbwa wangu wa miezi mitatu alitapika na kuhara damu. Nimelipa 150,000 kwa siku nne. Jirani anasema nimepigwa. (Ipuli)

Kama kazi ilifanyika, hujapigwa. Kwa umri huo mara nyingi ni pavo, ugonjwa wa kirusi unaoshambulia utumbo, na kirusi chake hakina dawa ya kukiua. Ulicholipia ni dripu, dawa ya kuzuia kutapika, antibayotiki, na mtu wa kurudi asubuhi na jioni kuutazama mshipa wenye dripu. Omba mchanganuo: uchunguzi kiasi gani, dawa kiasi gani, usafiri wa usiku kiasi gani. Daktari mkweli atakuandikia.

Nitajuaje kama aliyekuja na begi ni daktari kweli? (Kanyenye)

Muulize usajili wake wa Baraza la Veterinari, bila aibu. Halafu itazame mikono yake. Kabla ya sindano apime joto (la kawaida ni nyuzi 38 hadi 39.2), ainue mdomo, abonyeze ufizi aone kama rangi inarudi ndani ya sekunde 2. Na uzito lazima. Mizani ya dukani inatosha: panda umembeba mbwa, kisha panda peke yako, toa.

Hili la uzito linaniuma. Nililetewa mbwa wa kilo 12 aliyechomwa diminazini, dawa ya ugonjwa wa ndorobo, kwa kukisia, kipimo cha ndama. Shingo imekakamaa, kichwa kimelala upande, anazunguka palepale. Diminazini ni miligramu 3.5 kwa kila kilo. Yule alihitaji 42 tu. Ikizidi, hushambulia ubongo wa mbwa. Alikufa siku ya tatu. Mwenye mbwa aliniambia alimwita yule mchomaji kwa sababu bei yake ilikuwa nafuu.

Shikamoo daktari. Mbwa amelamba ndoo ya dawa ya kunyunyizia tumbaku, anatoa povu na kutetemeka. Nimpe maziwa? (Urambo)

Marahaba. Usimpe maziwa wala mafuta, na usimtapishe. Anayetetemeka hupaliwa, maziwa au matapishi yakaingia mapafuni. Kama imemmwagikia, vaa glavu umwoshe kwa sabuni. Beba chupa yenye lebo, piga simu ukiwa njiani. Sumu nyingi za dalili hizo hutibiwa kwa atropini, ila iwahi.

Amegongwa na bodaboda. Nimpe diklofenaki yangu? (Isevya)

Hapana, hata nusu kidonge. Hutoboa tumbo la mbwa na kuua figo. Mlaze kwenye ubao, mfunike kanga, mlete.

Na kama sina hela usiku huo? (Cheyo)

Sema kabla begi halijafunguliwa. Ukiniambia una elfu ishirini, najua nianze na dawa ya maumivu na dripu, eksirei isubiri. Mfupa uliosagika unaweza kuhitaji hospitali ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, na si kila mtu ataimudu safari hiyo. Pale ambapo hakuna tumaini, mwombe daktari amlaze usingizi wa mwisho bila maumivu. Kaa naye, umshike kichwa. Anaijua harufu yako.