Dizeli ya trekta inaishia wapi?

SWALI: Ninaishi Kasarani, ngano yangu iko Narok. Kila msimu dereva anadai dizeli zaidi ya kulima. Nitajuaje kama ni udongo mzito au ni uzembe?

JIBU: Usimlaumu bado, pima utelezi wa magurudumu, yaani yanavyozunguka bure bila kusukuma trekta mbele. Chora alama ya chokaa kwenye tairi la nyuma. Plau ikiwa ardhini, hesabu mizunguko 10, piga vigingi mwanzo na mwisho. Rudia umbali huohuo plau ikiwa juu, uhesabu mizunguko tena. Ukipata 9, utelezi ni asilimia 10, sawa kabisa. Ukipata 8, dizeli inachimba vumbi: ongeza vyuma vya uzito nyuma au punguza kina. Kwenye haro nyepesi (chombo cha kuvunja madongoa), dereva apande gia na kushusha mwendo wa injini. Moshi mweusi ukitoka, arudi gia moja.