Maji moto upande wa Manyoni: kwa nini lokesheni sikupi

Mkuu mleta uzi, umeuliza mambo mawili: ukitoka Dodoma mjini maji moto ya karibu yako wapi, na nani akutumie lokesheni uende na familia wikiendi. La kwanza nakujibu: elekea Manyoni. La pili nakunyima, na sababu yake ni mguu wa shemeji yangu.

Kwanza niwatoe hofu walioandika hapo juu kwamba maji yakitoka ardhini ya moto basi volkano iko jirani. Huku kwetu sivyo. Ukipanda treni ya reli ya kati, ukishapita Bahi utafika Saranda, na hapo inaanza kuhangaika na mlima. Mlima ule ni ukuta wa bonde la ufa. Ardhi imepasuka, maji ya mvua yanazama kwenye nyufa, na kadiri yanavyoshuka ndivyo yanavyopata joto, kwa kawaida nyuzi 25 hadi 30 kwa kila kilomita moja. Yakipata ufa wa kurudia juu haraka, yanatoka hayajapoa. Hata yale ya Hifadhi ya Ziwa Manyara yako hivyohivyo, chini ya ukuta wa ufa. Chemka ya kule Kilimanjaro, ambayo kila mtu anaposti picha zake, usiihesabu humu. Ni pazuri kuogelea, lakini maji yake si ya moto.

Sasa mguu.

Tulikwenda watu watano, mwezi wa tisa, gari moja, aliyekaa mbele ameshika simu yenye lokesheni aliyotumiwa na rafiki yake. Ofisi ya kijiji tuliipita bila hata kupunguza mwendo. Gari tukaliacha chini ya mbuyu, na hapo tukamkuta kijana anachunga, umri wa darasa la sita hivi. Akatuamkia vizuri, akatutazama tunavyojipanga, akasema, "Msipite hapo. Ng'ombe hawapiti hapo." Akatuonyesha kwa fimbo njia inayozunguka mbali, kwenye majani. Simu ilikuwa inasema mita 80, nyoosha mbele. Tukafuata simu.

Kando ya jicho la maji kuna gamba jeupe la chumvi, ukilitazama unaona kama sakafu iliyopigwa lipu jana. Ukilikanyaga linalia kama ukoko wa wali. Shemeji alipiga hatua tatu, ya nne gamba likakatika, mguu ukazama hadi juu ya kifundo kwenye tope la moto. Maji ya nyuzi 60 yanaunguza ngozi ya mtu mzima kwa sekunde kama 5 tu. Tope ni baya zaidi, linang'ang'ania, na soksi nayo inakaa na joto lake. Ile sauti aliyoitoa sitaiandika.

Kilichotuokoa ni dumu la lita 20 la maji baridi lililokuwa kwenye buti. Tulivua kiatu na soksi upesi, tukamwagia polepole kwa dakika 20 nzima. Mmoja wetu alishatoa dawa ya mswaki tayari kupaka, nikamnyang'anya. Dawa ya mswaki, asali, mafuta ya kula, achana navyo. Maji baridi, kitambaa safi, kisha kituo cha afya. Wakati huo yule kijana alishakimbia kumwita baba yake, na baba akaja na mwenyekiti wa kitongoji kwa baiskeli moja. Hawakutugombeza. Mwenyekiti aliuliza swali moja tu: "Mlipita kwa nani?"

Hatukuwa tumepita kwa mtu.

Kwa hiyo mkuu, lokesheni inakupeleka kwenye jicho lenyewe kwa mstari ulionyooka. Njia ya ng'ombe inazunguka. Sina namna ya kukutumia ile ya pili kwa simu.

Mwaka uliofuata tulirudi, safari hii tukaanzia kwa mtendaji, tukasaini kitabu cha wageni, tukalipa kidogo na risiti tukapewa, mwenyekiti akatupa kijana wa kutuongoza. Hapo ndipo nilipoliona eneo kwa mara ya kwanza, maana kumbe lina mpangilio. Jichoni hapaguswi. Wazee wana mambo yao pale, hawakutuambia ni yapi na sisi hatukuuliza. (Wanaojua Kolo kule Kondoa wananielewa: michoro ya mapangoni iliingia urithi wa dunia mwaka 2006, na wenyeji bado wanakwenda hukohuko kufanya matambiko yao.) Chini kidogo, maji yakishapoa, ndipo watu wanapooga. Chini zaidi wanakunywa ng'ombe na mbuzi.

Ukishajua hilo, suala la sabuni halihitaji mjadala. Maji yale yana magadi, yanateleza mkononi kama umeshajipaka sabuni, na bado nilikuta pakiti za shampuu zimenasa kwenye mizizi, pamoja na pampasi moja. Povu lote linashuka kwa ng'ombe wa watu. Sheria ya mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 za kingo za mito, maziwa na mabwawa. Sisi hema, choo cha kuchimba na kuosha vyombo tuliviweka mbali na maji zaidi ya umbali huo. Taka beba urudi nazo mjini, kule hakuna gari la taka litakalopita.

Kwa watoto: wakae vichwa juu ya maji, wasizamie. Kuna amiba wa maji ya uvuguvugu anayeingilia puani. Ni adimu sana, ila akishafika kwenye ubongo ni wachache mno wanaopona. Na wasinywe, hata mtu akikwambia ni dawa ya tumbo. Ukanda huu una floraidi nyingi majini, meno ya kahawia unayoyaona Singida chanzo chake ni hicho.

Nenda kiangazi. Masika udongo wa mbuga unameza gari mpaka mlangoni, na trekta la kukuvuta utaliomba kwa watu walewale uliowapita bila salamu.

Ukiwa tayari nitumie ujumbe pembeni nikutajie kijiji. Ukifika kwa mwenyekiti mwambie umeelekezwa na yule wa shemeji aliyeungua. Atacheka kwanza.