Houston, Dallas, Austin, Atlanta au Charlotte: jibu kwa mnaoulizia mji wenye maghorofa makali

Wakuu habari za huko nyumbani. Tangu nirushe zile picha za Austin usiku kwenye grupu naulizwa swali lile lile, eti kati ya Houston, Dallas na Austin za Texas, Atlanta ya Georgia na Charlotte ya North Carolina mji gani umejengeka zaidi, na dogo mmoja akaniambia akipata viza atafikia kwenye mji wenye maghorofa mengi maana ndiko hela iliko. Hilo la mwisho ndo limenifanya niandike kwa kirefu, sababu nawaona watu wanatua huku Unyamwezini, Marekani, na mawazo hayo hayo na wanaumia.

Maghorofa yenyewe kwanza, maana na mimi nayapenda kweli kweli. Kwa Texas, baba lao kwa zaidi ya miaka 40 alikuwa JPMorgan Chase Tower ya Houston, ghorofa 75, ya mwaka 1982, ila sasa Austin wamesimamisha Waterline yenye ghorofa 74 na kwa mita imeshaipita. Austin ndo inanishangaza kuliko zote, mwaka 2004 jengo refu kuliko yote pale lilikuwa Frost Bank Tower, ghorofa 33 tu, leo hilo jengo unalitafuta kwa macho katikati ya wenzake. Na wamejenga yote hayo huku kuna sheria ya tangu miaka ya 80 inayokataza kuziba baadhi ya pande ambazo mtu anaweza kuliona bunge la jimbo, ndo maana ukiangalia vizuri unakuta kuna uwazi sehemu ambayo ulitegemea mnara.

Houston na Dallas ni habari nyingine. Yale marefu mnayoyaona pichani mengi ni ya hela ya mafuta na mabenki ya mwanzoni mwa miaka ya 80, bei ya mafuta ilipoporomoka 1986 mbio za kupanda juu zikaishia hapo, na Dallas mpaka leo refu lao ni Bank of America Plaza la 1985, ghorofa 72, lile linalong'aa kijani usiku. Atlanta refu lao ni la 1992, Charlotte nao 1992. Kwa hiyo, ukiitoa Austin, ukichagua mji kwa jengo refu unachagua kwa hela iliyoingia kabla wengine wenu hamjazaliwa.

Ukuaji wa sasa hivi wala haupigiki picha sababu uko chini chini. Chukua Frisco, kaskazini ya Dallas, mwaka 2000 ilikuwa na watu kama 33,000, sensa ya 2020 ikakuta wamepita 200,000! Na ukipita kwa gari ni nyumba tu, ghorofa moja au mbili, mbao ndani tofali nje, shule, supamaketi, paking kubwa, halafu nyumba tena, mpaka unasinzia. Kazi zetu wabeba boksi nazo ziko hivyo hivyo, kwenye maghala marefu kando ya haiwei na karibu na viwanja vya ndege, mjini kati kwenye vioo ni kazi za maofisini, na sisi tunaingia humo baada ya saa za kazi.

Hili nalijua vizuri, nilifanya usafi wa maofisi usiku kwenye ghorofa moja la Houston. Ukisogea dirishani ukiwa juu kule, kwa mbali taa za haiwei zinaenda mpaka zinapotea, nchi ni tambarare haina hata kilima, na chini yako kuna viwanja vizima vya paking vitupu na barabara haina mtu. Yani mjini kati, Posta yao, saa 2 usiku huoni hata mtu anayeuza maji. Mchana nako watu wako chini ya ardhi, kuna njia za chini karibu kilomita 10 zinazounganisha majengo, zina migahawa na vinyozi humo humo, watu wanakula kule wakikwepa joto, ikifika jioni zinafungwa, wikiendi ndo kabisa. Sasa wewe uliyezoea Kariakoo jiandae, kwangu huo ukimya ulikuwa mgumu kuliko hata kazi.

Usafiri ndo penye kilio. Houston walipanua haiwei yao ya Katy Freeway mpaka sehemu nyingine ina njia 26 ukihesabu na za pembeni, wakamaliza 2008, na foleni ikarudi. Kuna Arlington, katikati ya Dallas na Fort Worth, mji wa watu karibu 400,000 wenye uwanja mkubwa wa Dallas Cowboys, timu ya futiboli ya Kimarekani, lakini mabasi ya kawaida ya ruti hauna, unaita kivan kwa simu. Bila gari hapo hufanyi kitu, na gari maana yake bima, na mgeni asiye na rekodi ya kuendesha huku anakamuliwa bima haswa. Kama huna gari kabisa mimi ningekwambia Atlanta, ila ukae karibu na stesheni ya treni ya MARTA, ile inafika mpaka uwanja wa ndege ambako kazi zipo.

Kodi ya nyumba nayo msije na hesabu za Bongo za kulipa miezi sita unatulia. Huku unalipa kila mwezi, na kabla hujapewa funguo wengi wanataka mshahara wako uwe mara tatu ya kodi na waone rekodi yako ya mikopo, ambayo mgeni huna, kwa hiyo watu wengi wanaanzia sebuleni kwa ndugu. Kitu kimoja ninachowasifu Austin, kodi zilipanda vibaya sana 2021, wakajenga apatimenti nyingi mno na kodi zikashuka. Hiyo natamani viongozi wetu waiangalie kabla ya kushangilia minara ya vioo.

Sasa wewe dogo wa viza. Kama una ndugu Houston au Dallas fikia kwa ndugu, kule Wakongo na Warundi ni wengi, Kiswahili utakisikia mpaka kanisani, na kama umesomea unesi Houston ina mtaa mzima wa mahospitali, Texas Medical Center, ukiuona kwa mbali utadhani ni mji mwingine. Austin njoo kutembea, kwa kuanzia maisha bado ghali. Ukipata kazi usinitumie jina la mji, nitumie anuani ya hapo kazini na saa unayoingia shifti, nikuangalizie pa kukaa ambapo utafika bila kuamka saa 9 usiku.